Gesi ni rahisi, baridi ndiyo kazi: kujitengenezea soda wota Mtwara na Lindi

Watu wa Mtwara wana haki ya kuuliza swali hili. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, inaingia kwenye bomba mpaka Dar es Salaam. Halafu soda wota inapakiwa kwenye lori huko huko Dar es Salaam, inakata zaidi ya kilomita 500, inakuja kuuzwa kwetu ikiwa imeongezewa nauli. Si tungejaza wenyewe? Ndugu zetu wa Lindi, wenye Songo Songo yao upande wa Kilwa, nao wana swali lilo hilo.

Hatuwezi, kwa sababu gesi zenyewe ni tofauti. Ya Mnazi Bay na Songo Songo kwa sehemu kubwa ni methani. Inashika moto, na kazi yake kubwa ni kuzungusha mitambo ya umeme. Ya mtungi wa jikoni ni propani na butani, nayo inashika moto. Ile inayokuchoma puani ukinywa soda kwa pupa ni kabonidayoksaidi, hewa ya ukaa, ambayo mafundi huiita CO2. Hiyo haiwaki hata kidogo, na baadhi ya mitungi ya kuzimia moto imejazwa yenyewe. Hivyo bomba likipita mbele ya mlango wako, kwa habari ya soda wota bado uko pale pale. Nchi yetu inayo hata hii ya soda ardhini, ila iko Rungwe mkoani Mbeya, kwenye ardhi ya volkano, na kampuni ya TOL Gases ndiyo inayoivuna.

Pwani yetu nayo imeitoa bure kwa karne nyingi. Kila tanuri la chokaa lililochoma mawe ya matumbawe kwa ajili ya majumba ya Mikindani na Kilwa lilikuwa linapandisha hewa hii angani, chokaa inabaki chini. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuikinga.

Anayetajwa kuwa wa kwanza kuitia gesi hii kwenye maji kwa makusudi ni Mwingereza Joseph Priestley. Mwaka 1767 aliishi jirani na kiwanda cha bia mjini Leeds, akatumia hewa iliyotanda juu ya mapipa yanayochacha. Mwaka 1772 akachapisha kijitabu cha kueleza namna ya kuipata kwa kumwagia chaki tindikali kali. Miaka kumi na kitu baadaye, 1783, Jacob Schweppe akaifanya biashara kule Geneva. Nayataja haya ili ionekane kwamba kinachofanyika humo ndani si siri ya kiwanda. Ni unga (kwake chaki, kwetu baking soda), asidi, maji na chupa isiyovuja. (Tindikali ya Priestley muachie mwenyewe. Ya betri ya gari isikaribie kabisa chombo cha kunywea.)

Sasa tuingie kazini. Mtu akitaka soda wota ya nyumbani huanza kwa kuulizia mashine. Mimi ningeanza kwa kuuliza: una friji?

Maji hunywa gesi kulingana na ubaridi wake. Ukiyaweka kwenye hewa tupu ya CO2 bila kuisukuma, lita moja ya maji yaliyo karibu kuganda hubeba kama lita 1.7 za gesi. Maji ya nyuzi 5, yaani ya friji inayofanya kazi vizuri, hubeba lita 1.4. Yakifika nyuzi 20 hayafikishi hata lita moja, ni 0.88. Nyuzi 30, ambazo ndizo maji ya ndoo yetu mchana wa Desemba, yanabaki na 0.66 hivi. Soda nyingi za dukani huwa na lita tatu na nusu mpaka nne za gesi kwa kila lita ya kinywaji. Pengo hilo huzibwa na presha.

Na presha tunaijua vizuri, kila siku tunajaza upepo. Tairi la gari dogo hujazwa paundi 30 hivi. Ili maji ya nyuzi 5 yafikie lita tatu na nusu za gesi, yanahitaji paundi 21 tu, chini ya tairi. Maji ya nyuzi 30 yanadai paundi 63 kwa kiasi kile kile cha gesi. Mara tatu! Na hata ukiyapatia hizo 63, siku ukifungua kifuniko maji ya moto yanaiachia gesi yote kwa mkupuo, unabaki unafuta meza. Wengi waliojaribu wakasema "haishiki" walikuwa na gesi ya kutosha. Maji ndiyo yaliyokuwa ya uvuguvugu.

Asiye na friji ana njia nyingine. Barafu ile ya kuhifadhia samaki, inayouzwa penye magati na masoko ya samaki, haifai kuingia kwenye glasi, lakini inafaa sana kuizunguka chupa. Iponde, iweke kwenye ndoo, nyunyizia chumvi ya mawe mkono mmoja au miwili. Chumvi inashusha kiwango cha kuganda, na mchanganyiko unakuwa baridi kuliko barafu peke yake. Chupa ya maji ikilala humo nusu saa huku ukiigeuzageuza, inatoka inauma vidole. Usiisahau tu, maana humo maji yanaganda kweli.

Jambo la pili ni hewa ya kawaida, na hili husahaulika. Ukijaza gesi juu ya hewa iliyobaki chupani, hewa ile inakaa pale inashika nafasi. Chupa inakuwa ngumu, unadhani umemaliza, kumbe sehemu ya ugumu huo ni hewa isiyokuwa na faida yoyote. Dawa yake ni chupa ya plastiki: iminye mpaka maji yapande yafike mdomoni, ndipo ufunge. Chemsha maji kabla, uyapoze yakiwa yamefunikwa. Kuchemsha kunaua vijidudu na pia kunafukuza hewa iliyoyeyuka humo. Na hapa niseme wazi, gesi haisafishi maji. Maji yasiyofaa kunywewa yakitiwa gesi hayafai vilevile, yanachoma ulimi tu.

Ladha ya maji yenyewe nayo inahesabika. Visima vya karibu na bahari vingi vina chumvichumvi, na gesi haifichi chumvi hata kidogo. Kama una maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, yachemshe, yatumie hayo. Maji laini hutoa soda wota kali zaidi, kwa sababu maji magumu yana madini yanayopunguza ule uchachu wa gesi.

La tatu ni kutikisa. Gesi huingilia pale inapogusana na maji. Chupa iliyosimama ina uso mdogo wa kugusana, hata ukiiacha masaa itachukua kidogo. Ukiitikisa kwa nguvu dakika moja, inafanya kazi ya siku nzima. Utasikia mwenyewe: chupa iliyokuwa ngumu inalegea mkononi ukitikisa, kwa sababu gesi imezama majini. Ukiona hivyo, ongeza gesi, tikisa tena. Ikifika mahali ukitikisa hailegei tena, maji yameshiba kwa presha hiyo.

Hayo matatu yakikaa sawa, swali la gesi itoke wapi ni la mfuko wako.

Njia rahisi kuliko zote, na mbaya kuliko zote kwa anayekunywa kila siku, ni kumimina baking soda na ndimu ndani ya glasi na kunywa inavyofoka. Hesabu yake ni hii: kupata gramu 6 za gesi kwenye lita moja, unahitaji baking soda kama gramu 11 na nusu. Gesi ikishatoka, sodiamu yake inabaki majini, zaidi ya gramu 3. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku nzima, chakula chote kikiwemo. Na hapo tumechukulia kwamba gesi yote imebaki kwenye glasi, wakati nyingi inatoroka kabla hujanywa. Mwenye presha asiiguse njia hii.

"Mwanangu, si kuna magadi?" aliniambia bibi jirani yangu nilipokuwa naeleza haya barazani. Shikamoo zake ninazitoa kila asubuhi, lakini kwa hili nilimkatalia. Magadi yale ya kulainishia kisamvu na makande yana ukali mwingi, yana takataka, na mengi yana floridi ambayo ikizidi inaharibu meno na mifupa. Yatatoa gesi ukiyamwagia siki, ni kweli, lakini sioni sababu ya kuhangaika nayo wakati baking soda ipo duka la Mangi. Baking pauda nayo si mbadala. Imeshachanganywa na asidi na wanga, ikigusa maji inaanza yenyewe na inafanya povu lisiloshikika.

Njia ya hamira tunaijua kwa jina jingine. Anayekamua mabibo, yale matunda ya mkorosho, na kuyaacha yageuke uraka, pombe yake, anatumia chachu ile ile ya Priestley na mapipa yake, ila gesi anaiacha iende zake. Ukitia sukari gramu 14 na punje chache za hamira kwenye lita ya maji ya tangawizi, ukafunga chupa ya soda na kuiacha nje, joto letu litaifanya iwe ngumu ndani ya siku moja hivi. Sukari hiyo ikiliwa yote na chachu hutoa gramu 7 za gesi, ambazo zinatosha kabisa. Lakini hutoa pia gramu 7 na kitu za pombe, karibu asilimia moja ya ujazo. Kwa nyumba ya Kiislamu, na pwani yetu nyumba nyingi ni hizo, mjadala unaishia hapo. Kwa wengine, shida ni kwamba si maji tena, ni kinywaji chenye harufu ya hamira. Tena chachu haijui kusimama ikiambiwa: chupa ikisahaulika kabatini inaendelea kuvimba.

Tufike sasa kwenye njia ninayoipenda kwa mwenye bajeti ndogo: chupa mbili na mpira. Chupa ya kwanza ni ya unga, humo gesi inazaliwa. Ya pili ni ya maji. Zimeunganishwa kwa mpira mwembamba unaopita kwenye vifuniko vyao, ili gesi peke yake ivuke na sodiamu ibaki ng'ambo.

Chupa ziwe za soda za lita moja na nusu, za plastiki, zisizo na mikwaruzo mikubwa. Chupa iliyouziwa maji ya kunywa haifai. Zigeuze uone tofauti: chupa ya soda ina vijiguu vitano chini, imefinyangwa hivyo ili ihimili kusukumwa kutoka ndani, na plastiki yake ni nene. Hiyo iliyouziwa maji ina kitako bapa chenye mifereji na ukiishika inabonyea. Chupa ya kioo usiifikirie. Plastiki ikishindwa inachanika kwa kishindo, kioo kikishindwa kinaruka vipande vipande.

Mpira mzuri ni ule mgumu kidogo wa milimita 6 unaotumika kwenye mashine za kuchuja maji ya kunywa, kwa sababu umetengenezwa kubeba presha. Mpira wa dripu ni laini mno. Toboa kifuniko tobo lililo dogo kidogo kuliko mpira, kata ncha ya mpira mshazari, ipenyeze, halafu ivute kwa koleo upande wa pili mpaka mpira wenyewe ukabe tobo. Ukikaba vizuri hauhitaji gundi. Upande wa chupa ya maji, mpira ukatike juu kwa juu, usiguse maji. Katikati weka kibanio cha kufunga na kufungua. Anayeagiza vitu mtandaoni atakuta seti zilizokamilika, zenye vifuniko viwili, mpira, vali na geji ya kupimia presha. Zimetengenezwa kwa ajili ya matangi ya samaki wa mapambo, na zinafaa. Geji ile pekee inalipa gharama.

Kipimo chake: chupa ya maji itie lita 1.2 za maji ya baridi sana, iminye itoe hewa, funga. Chupa ya unga itie maji 300 mililita yaliyoyeyushwa gramu 15 za asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu wanaotumia watengeneza jemu na juisi. Hukuupata? Siki ya kawaida mililita 290 inafanya kazi hiyo hiyo, ila harufu yake inaweza kuvuka. Maji ya ndimu kama robo lita nayo yanatosha, msimu wa ndimu za bei poa. Kisha gramu 20 za baking soda, kijiko kimoja na nusu cha chakula kilichosawazishwa, zifunge kwenye tishu uzisokote ziwe kama sigara nene. Dumbukiza, funga haraka. Kile kifurushi kinakupa nafasi ya kufunga: kinazama, kunakuwa kimya kidogo, tishu inaloa, halafu viputo vinaanza kupanda mbio na chupa ya pili, iliyokuwa imeminywa, inaanza kujinyoosha yenyewe kwa vishindo vidogo. Hapo ndipo utikise ya maji. Ya unga iache imesimama wima, usiitikise kwa fujo, povu lisije likapanda kwenye mpira.

Dozi hiyo moja, ikifanya kazi vizuri, inakupa gesi ya kiwango cha bia, lita mbili na kitu kwa lita. Kwa ukali wa soda unahitaji dozi ya pili. Bana mpira, legeza kifuniko cha chupa ya unga taratibu presha iishe, mwaga maji yake, weka dozi nyingine mpya, funga, fungua kibanio, tikisa tena.

Utauliza, kwa nini nisiweke zote mbili mara moja? Ni hesabu ya siku mbaya. Tuseme mpira umeziba kwa povu au kibanio kimesahaulika. Dozi moja, gesi yake yote ikibaki ndani ya chupa ya unga peke yake, inafika paundi 70 hivi. Chupa ya soda nzima inavumilia. Dozi mbili zinavuka paundi 140, na huko chupa iliyowahi kukanyagwa au kukwaruzwa haina dhamana. Kupasuliwa jicho kwa ajili ya soda wota si biashara. Unapofanya kazi, chupa zikae ndani ya ndoo au chini ya meza, na usiziinamie. Chupa zenyewe zibadilishe mara kwa mara, hasa ukiona zimeanza kuwa na ukungu mweupe kwenye mikunjo.

Gharama ipige hivi: dozi mbili ni gramu 40 za baking soda na 30 za asidi, kwa lita 1.2. Kilo moja ya baking soda na robo tatu ya kilo ya asidi zitakupa lita 30. Chukua bei hizo mbili kutoka kwa wauza vifaa vya keki, gawa kwa 30, linganisha na bei ya lita unayonunua. Usipige hesabu kwa vipakti vidogo vya duka la karibu, humo unalipia karatasi. Na ujue kwamba zaidi ya nusu ya gesi haiingii majini kabisa, inabaki imejaza nafasi tupu za chupa mbili na kutoka ukifungua. Hiyo ndiyo hasara ya njia hii. Ukitaka kuipunguza, punguza nafasi tupu kwa kujaza maji zaidi kwenye chupa ya maji.

Ikiwa tayari, iache kwenye friji saa moja kabla ya kufungua. Gesi iliyotulia inakaa.

Mashine ndogo za mezani, za aina ya SodaStream, ni nzuri na safi. Shida yake kwetu ni mtungi. Ule mdogo wa kawaida una gramu 410 za gesi na tangazo husema unatoa mpaka lita 60. Gawanya: gramu 6.8 kwa lita. Hicho ndicho kiasi kilichomo kwenye maji yenyewe yakiwa na ukali wa soda, yaani hesabu ya tangazo haijaacha nafasi ya gesi inayopuliza nje kila unapobonyeza. Tarajia pungufu. Na mtungi ukiisha, muulize aliyekuuzia atakujazia wapi kabla hujatoa hela. Kama jibu ni Dar es Salaam, umenunua pambo la kabatini.

Anayekunywa sana, au mama anayeuza juisi na ana wateja wa kudumu, au nyumba tatu nne zilizo tayari kuchanga, wafikirie mtungi mkubwa wa CO2 wenye regyuleta. Kilo moja ya gesi, kwa hesabu ya kwenye karatasi, inatosha lita 140. Hata nusu ikipotea unapata 70. Mtungi wa kilo 5 unamaliza kama mwaka kwa nyumba inayokunywa lita moja kwa siku. Hapo kwenye chupa unahitaji kifuniko chenye vali tu. Wapo wanaotumia vali ya tairi la tubeless kwenye kifuniko cha soda, na inafanya kazi, mradi igusane na gesi tu na chupa isilazwe.

Lakini mtungi una masharti, na hapa sitanii. Uwe wa gesi ya chakula. Ya kuchomelea vyuma haikukaguliwa kwa ajili ya tumbo. Tarehe ya kupimwa mtungi imegongwa kwenye bega lake, isome. Regyuleta iwe ya CO2. Ile ya gesi ya kupikia imeumbwa kwa presha ndogo sana, na ndani ya mtungi wa CO2 kwa joto letu kuna presha ya zaidi ya mara 60 ya hewa ya kawaida. Usimruhusu fundi akwambie "itaingia tu". Mtungi usimame wima, ufungwe mnyororo ukutani, usilale, kwa sababu ndani ni kimiminika na kikiingia kwenye regyuleta kinaiharibu. Geji ya mtungi haikwambii umebakiwa na kiasi gani: inasoma vilevile mpaka kimiminika kiishe, halafu inaporomoka. Pima kwa mizani.

Na usiuweke chumba cha kulala. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kama mara moja na nusu, inatanda chini. Kilo 5 zikivuja zote kwenye chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 3, zinakuwa kama sehemu ya kumi ya hewa yote ya chumba. Kiwango hicho kinamzimisha mtu ndani ya dakika chache, bila harufu ya kumwonya. Varanda inatosha.

Mafundi friji wetu ni hodari, na wa kwanza kuvutiwa na mradi huu huwa wao. Kwao nina neno moja: msitumie bomba la kopa, yaani shaba, upande wenye maji. Maji yenye gesi ni asidi, yanakula kopa taratibu, na kopa ikizidi kwenye kinywaji inatapisha watu. Plastiki ya chakula au chuma kisichoshika kutu.

Nikiulizwa nani achague nini, nitasema anayekunywa glasi moja Jumapili aendelee kununua, hakuna hesabu itakayomlipa. Mwenye friji na watoto wanaopenda soda, chupa mbili na mpira. Mtungi ni kwa wenye mahali pa kuujaza na mtu makini wa kuushika.

Ladha huja mwisho. Juisi, sukari na nyuzi za matunda visiingie kwenye chupa unayoitia gesi, kwa sababu kila kipande kidogo ni mahali pa kiputo kuzaliwa na ukifungua yote yanapanda darini. Tengeneza sharubati nzito pembeni, ya ukwaju, ubuyu, tangawizi au ndimu. Itie baridi, iweke kwenye glasi kwanza, kisha mimina soda wota taratibu ukiitelezesha kwenye ukuta wa glasi. Sehemu moja kwa nne ni mwanzo mzuri.

Msimu wa korosho jaribu mabibo. Yanatupwa kwa maelfu chini ya mikorosho wakati yana vitamini C kuliko machungwa, na kinachowakimbiza watu ni ule ukakasi unaokwangua koo. Ukakasi huo unashuka ukichanganya juisi na maji mepesi ya uji wa mchele uliopoa, ukaiacha kwenye friji usiku kucha. Asubuhi kutakuwa na tope la kijivujivu chini. Mimina ile ya juu pole pole, ichuje kwa kitambaa, ichemshe na sukari kidogo iwe nzito, ipoze. Ifanye mapema siku ile ile mabibo yalipookotwa, kwa maana yakilala na joto letu yanaanza safari ya kuwa uraka bila kuomba ruhusa.